Kinga ya mwili inapojenga ubongo: kwa nini mtoto mchanga wa kiume ndiye wa kuangaliwa zaidi

Katika wodi za watoto wachanga kuna jambo ambalo wauguzi wakongwe hulijua hata kabla ya kulisoma popote. Wakilazwa watoto wawili waliozaliwa kabla ya siku zao, wenye uzito unaokaribiana na umri wa mimba uleule, mmoja wa kiume na mwingine wa kike, yule wa kiume ndiye atakayewanyima usingizi wauguzi wa zamu. Mara nyingi ndiye anayechelewa kuachishwa oksijeni, ndiye anayeshikwa kwa urahisi na maambukizi ya damu, na ndiye ambaye mama yake hurudi naye kliniki miaka miwili au mitatu baadaye akiuliza kwa nini hajaanza kusema, ilhali dada zake walisema mapema. Duniani huzaliwa wavulana wapatao 105 kwa kila wasichana 100, lakini karibu kila nchi inayohesabu vifo vya wachanga huona kwamba wavulana hufa kwa wingi zaidi tangu siku za kwanza za maisha.

Majumbani imani ni tofauti kabisa. Bibi hushuka kutoka Kibosho au Marangu akiwa na mtori wa moto kwenye chupa, hukaa pembeni ya kitanda cha mkwewe, humtazama mjukuu anayepumua kwa taabu, na kusema kwa upole wote alio nao: "Mwanangu, usiwe na hofu, huyu ni dume, atavumilia." Kisha hunigeukia: "Au siyo, nesi?" Nimeulizwa swali hilo mara nyingi katika miaka yangu ya ukunga na uuguzi wa wachanga hapa Moshi, na jibu langu huwa lilelile: bibi, huyu tumwangalie zaidi, kwa sababu ni dume.

Sehemu ya sababu iko kwenye mapafu. Homoni za kiume huchelewesha kidogo kukomaa kwa mapafu ya kijusi, na jambo hilo linafahamika vizuri kwa kila anayehudumia watoto njiti. Sehemu nyingine, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, iko kwenye ubongo, na inahusu mfumo ambao wengi wetu hatukufundishwa kuuhusisha na ubongo hata kidogo, yaani kinga ya mwili. Tulipokuwa chuoni tulisoma kinga katika somo moja na ubongo katika somo jingine, na mitihani yake ilikuwa siku tofauti. Utafiti wa miaka ishirini iliyopita umeonyesha kwamba kinga ni miongoni mwa wajenzi wakuu wa ubongo, na kwamba ujenzi huo haufanyiki kwa namna ileile katika mwili wa kiume na wa kike.

Wajenzi ninaowazungumzia ni seli ziitwazo maikroglia. Mhispania Pío del Río Hortega alizibainisha na kuzipa jina mwaka 1919, na kwa miongo mingi baada yake zilichukuliwa kuwa wafagizi wa ubongo ambao hukaa kimya hadi patokee jeraha au maambukizi. Asili yake peke yake inatosha kumshangaza mtu. Maikroglia hazizaliwi ndani ya ubongo kama niuroni, yaani seli za neva zinazopeleka ujumbe. Hutoka kwenye kifuko cha kiini kilicho pembeni ya kiinitete, kabla uboho haujaanza kazi ya kutengeneza damu, kisha husafiri na kuingia katika ubongo ambao ndio kwanza unaanza kuumbika. Kwa binadamu safari hiyo hufanyika katika wiki za mwanzo kabisa za mimba, wakati ambapo akina mama wengi hawajafungua kadi ya kliniki, na wengine hawajajua kwamba ni wajawazito.

Zikishafika, huanza kazi ambayo ni kubwa kuliko kufagia. Hula seli zilizokufa, lakini pia hula baadhi ya seli changa zilizo hai. Huondoa sinapsi, yaani viungo vya mawasiliano kati ya niuroni na niuroni, pale zinapokuwa nyingi kupita kiasi. Hutoa kemikali zinazoziamuru niuroni za jirani kuchipua viungo vipya. Yeyote aliyelelewa kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, amemwona mzazi akipunguza machipukizi ya mgomba, akiacha mama, mtoto na mjukuu ili shina libebe mkungu wa maana, na kazi ya maikroglia katika ubongo mchanga haiko mbali na hiyo. Ubongo wa mtoto huanza na viungo vingi kuliko vitakavyobaki, na seli za kinga zina kauli kubwa katika kuamua kipi kibaki.

Sasa tuingize suala la jinsi. Kijusi chenye kromosomu Y hubeba jeni iitwayo SRY, iliyobainishwa na watafiti wa Uingereza mwaka 1990, na jeni hiyo ndiyo inayoanzisha kuumbika kwa korodani mnamo wiki ya sita au ya saba ya mimba. Korodani changa huanza kumwaga testosteroni punde baada ya hapo. Kwa binadamu homoni hiyo hufikia kilele katika sehemu ya kati ya ujauzito, hushuka kabla ya kuzaliwa, kisha hupanda tena kwa miezi michache baada ya kuzaliwa. Mwaka 1959 watafiti wanne wa Chuo Kikuu cha Kansas, Phoenix, Goy, Gerall na Young, waliwadunga testosteroni simbilisi wenye mimba (wanyama wale wadogo ambao hata huku kwetu zipo nyumba zinazowafuga), na wakaona kwamba watoto wa kike waliozaliwa walipokua walikuwa na mienendo ya kujamiiana iliyoelekea kwenye ya madume. Tangu hapo sayansi ilikubali kwamba homoni za tumboni huupanga ubongo mapema, na kwamba mpango huo hubaki maisha yote. Kilichobaki bila jibu kwa muda mrefu ni namna homoni inavyofanya kazi hiyo ndani ya tishu.

Jibu lilipokuja lilitoka mahali ambapo mkunga hakupatarajia. Katika panya, testosteroni ikiingia kwenye ubongo hubadilishwa na kimeng'enya kiitwacho aromatasi ikawa estradioli, homoni ambayo tumezoea kuiita ya kike. Watoto wa kike wa panya hulindwa dhidi ya estradioli ya mama yao na protini iliyomo katika damu yao inayoinasa kabla haijafika ubongoni. Kwa hiyo, katika siku zile za kuzunguka kuzaliwa, ubongo wa dume ndio unaopata estradioli nyingi. Margaret McCarthy wa Chuo Kikuu cha Maryland, katika jiji la Baltimore, pamoja na mwanafunzi wake Stuart Amateau, waliuliza estradioli hiyo inafanya nini katika eneo la prioptiki, lililo mbele ya haipothalamasi, ambalo huongoza mienendo ya uzazi ya dume. Mwaka 2004 walitoa jibu: inaamsha utengenezaji wa prostaglandini E2.

Niliposoma sentensi hiyo kwa mara ya kwanza niliisoma tena. Prostaglandini mimi nazijua kutoka chumba cha kujifungulia. Ndizo zinazolainisha mlango wa kizazi na kuuamsha mfuko wa uzazi, na misoprostoli tunayotumia kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua ni ya ukoo huohuo. Prostaglandini E2 yenyewe ndiyo inayopandisha joto la mwili mtu anapougua, na kuzuia kutengenezwa kwake ndiyo kazi ya aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Ni kemikali ya homa na maumivu, kemikali ya inflamesheni, yaani yale majibu ya kinga yanayoleta joto, wekundu na uvimbe. Na hapa ilikuwa inatumika, katika ubongo mzima usio na ugonjwa wowote, kujenga.

Maabara hiyo ilionyesha kwamba niuroni za eneo lile katika dume huwa na vichipukizi vya kupokelea mawasiliano mara mbili hadi tatu ya vile vya jike. Mtoto wa kike wa panya akidungwa prostaglandini E2 ubongoni katika siku zake za kwanza, vichipukizi vyake huongezeka kufikia kiwango cha dume, na akikua huonyesha mienendo ya dume. Madume wakinyimwa prostaglandini kwa dawa za jamii ya aspirini, vichipukizi hupungua, na mienendo yao ya kidume hudhoofika. Tofauti ambayo kizazi kizima cha wanasayansi kiliidhania kuwa kazi ya homoni na niuroni peke yake ilikuwa inapitia katika mlango wa kinga.

Mwaka 2013 Kathryn Lenz, akifanya kazi na McCarthy, alionyesha kwamba maikroglia zenyewe ni lazima katika mchakato huo. Katika madume wachanga nyingi zaidi huwa na umbo la duara lisilo na matawi marefu, umbo la seli iliyo kazini. Zikitulizwa kwa dawa ya minosaiklini, estradioli hushindwa kuupa ubongo sura ya kidume. Miaka mitano baadaye, kundi la Lenz liliongeza seli za masti kwenye picha, seli zilezile zinazomwaga histamini mtu anapopata aleji. Katika eneo lile zilikuwa nyingi zaidi kwa madume, na histamini yao ndiyo iliyoziamsha maikroglia. Kilichonigusa zaidi ni kwamba panya wajawazito walipopatishwa aleji, watoto wao wa kike walizaliwa na mabadiliko ya kuelekea upande wa kidume. Hali ya kinga ya mama ilivuka kondo la nyuma na kuingia katika kazi ambayo kila mtu alidhani ni ya homoni za mtoto tu.

Si eneo moja tu la ubongo. Jaclyn Schwarz na Staci Bilbo walihesabu maikroglia katika sehemu kadhaa za ubongo wa panya na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Siku ya nne baada ya kuzaliwa madume walikuwa na nyingi zaidi katika hipokampasi (eneo la kumbukumbu), gamba la ubongo na amigdala (eneo la hisia), na nyingi kati ya hizo zilikuwa na umbo la kazini. Ilipofika umri wa ujana hali ilipinduka, na majike ndio waliokuwa nazo nyingi. Mwaka 2019 kundi la McCarthy, Jonathan VanRyzin akiwa mwandishi wa kwanza, lilieleza kinachotokea katika amigdala: katika siku za kwanza maikroglia za dume hula seli changa nyingi kuliko za jike, seli ambazo zingekuwa astrosaiti (seli zinazozihudumia niuroni), na upungufu huo wa astrosaiti ndio unaomfanya dume kucheza mchezo wa kukimbizana na kupigana mieleka zaidi anapokuwa mtoto. Walipowazuia madume seli zao zisiliwe, walicheza kwa utulivu kama dada zao. Wazazi wenye watoto wa jinsi zote mbili wataiona tofauti hiyo ya mchezo uani kwao, ingawa kwa binadamu malezi na desturi vina sehemu yake, nami sitaki kudai kwamba mwanao anapanda ukuta kwa sababu ya maikroglia.

Hapa ndipo hoja yangu inapokaa. Kama ubongo wa kiume hujengwa kwa kutumia kemikali za inflamesheni, katika dirisha fupi la muda, basi katika dirisha hilo unaishi karibu zaidi na kiwango cha hatari. Maikroglia zake tayari ni nyingi, tayari ziko macho. Ikija homa ya mama, au maambukizi ya mtoto mwenyewe, kengele huita mahali ambapo mafundi wako kazini, na kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kazi kuharibika. Bilbo alionyesha kwamba panya dume walioambukizwa bakteria wa E. coli siku ya nne ya maisha walipona vizuri na kukua kama wenzao, lakini walipokuwa wakubwa kinga yao ikichokozwa tena walishindwa kukumbuka walichojifunza. Ugonjwa ulikuwa umeisha zamani, ilhali maikroglia zilibaki na kumbukumbu yake.

Kwa binadamu ushahidi ni wa mbali zaidi, na ni haki kuutenganisha. Binadamu si panya, na kwetu sisi testosteroni yenyewe inaonekana kufanya kazi kubwa kuliko estradioli inayotokana nayo, kwa hiyo mlolongo wa prostaglandini hauwezi kuhamishwa moja kwa moja kutoka Baltimore hadi wodini. Lakini mambo kadhaa yanaelekea upande uleule. Usonji hugunduliwa kwa wavulana mara tatu hadi nne zaidi ya wasichana. Mwaka 2016 Donna Werling na wenzake walichunguza tishu za ubongo za watu wasio na usonji ili kuona kama jeni zinazohusishwa na hali hiyo hufanya kazi kwa kiwango tofauti kwa wanaume na wanawake. Jeni hizo hazikutofautiana hivyo. Zilizokuwa juu kwa wanaume ni jeni za maikroglia na astrosaiti, kundi lilelile la jeni ambalo huwa limepanda katika ubongo wa watu wenye usonji. Yaani tofauti ya kawaida kati ya mwanamume na mwanamke imekaa jirani mno na tofauti kati ya ubongo wenye usonji na usio nao.

Kuhusu maambukizi ya mama, mfano mkubwa wa zamani ni rubela. Mlipuko wa mwaka 1964 na 1965 nchini Marekani uliacha watoto wapatao 20,000 waliozaliwa na madhara ya ugonjwa huo, na daktari Stella Chess, aliyewachunguza watoto 243 kati yao, aliripoti mwaka 1971 kwamba usonji ulikuwa mwingi miongoni mwao kupita kiasi cha kawaida. Ndiyo maana mimi huichukulia chanjo ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa nchini kwetu mwaka 2014 na ambayo mtoto hupewa akiwa na miezi tisa na tena miezi kumi na minane, kuwa chanjo ya ubongo pia. Anayechanjwa leo ni mtoto, lakini miongoni mwa wanaolindwa ni watoto ambao msichana huyo atawazaa.

Upande wa wasichana una gharama zake, tena nzito. Kinga ya mwanamke kwa jumla hujibu kwa nguvu zaidi. Kromosomu X imebeba jeni nyingi za kinga, mojawapo ikiwa TLR7, ambayo hutambua virusi, na katika baadhi ya seli za mwanamke nakala zote mbili za jeni hiyo huendelea kufanya kazi badala ya moja kuzimwa. Faida yake ni kwamba msichana mchanga hupambana vizuri na maambukizi. Hasara huja baadaye, kinga hiyohiyo inapougeukia mwili wenyewe: takribani watu wanne kati ya watano wenye magonjwa ya kinga kushambulia mwili ni wanawake, na kwa lupasi ni wanawake tisa kwa kila mwanamume mmoja. Dada zetu wanaozunguka hospitali miaka na miaka wakitibiwa viungo na malaria, kabla mtu hajafikiria lupasi, wanalijua jambo hili kwa miili yao.

Na Afrika ina somo lake kuhusu jambo hili, ambalo lilipaswa kufundishwa katika kila chuo cha uuguzi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilitolewa chanjo ya surua yenye kiwango kikubwa cha kirusi kilichodhoofishwa, ili iweze kutolewa kwa watoto wadogo wasiofikia miezi tisa. Iliwakinga dhidi ya surua vizuri. Lakini watafiti waliokuwa wakifuatilia watoto nchini Guinea-Bissau na Senegal, walipotenganisha hesabu za wavulana na wasichana, waliona kwamba wasichana waliopata chanjo hiyo walikuwa wanakufa zaidi katika miaka iliyofuata kuliko waliopata chanjo ya kawaida. Mwaka 1992 Shirika la Afya Duniani lilisitisha matumizi yake. Chanjo ya surua ya kiwango cha kawaida, ambayo ndiyo inayotolewa kwetu, imeokoa mamilioni ya watoto wa jinsi zote, na hakuna mzazi anayepaswa kuiogopa kwa sababu ya historia hii. Ninachotaka kionekane ni kwamba vifo vile vya wasichana vingefichika kabisa katika wastani, kama mtu mmoja mwenye bidii asingegawanya karatasi katika safu mbili.

Bidii hiyo imekuwa adimu. Annaliese Beery na Irving Zucker walipopitia tafiti za wanyama walionyesha, mwaka 2011, kwamba katika sayansi ya ubongo tafiti zilizotumia madume peke yake zilikuwa zaidi ya mara tano ya zile zilizotumia majike peke yake. Ni kuanzia mwaka 2016 tu ndipo taasisi kuu ya afya ya Marekani ilipowataka wanaoomba fedha zake waeleze jinsi ya wanyama wao itazingatiwaje. Mengi tunayofundishwa kuhusu ubongo wa mwanamke yalikadiriwa kutoka kwa panya dume.

Naomba pia nizuie matumizi mabaya ya haya niliyoandika, maana nimeshasikia watu wakiyageuza kuwa hoja ya nani mwenye akili. Daphna Joel na wenzake mwaka 2015 walichunguza picha za ubongo za watu zaidi ya 1,400 na kukuta kwamba ni wachache mno waliokuwa na sifa zote za upande wa kiume au zote za upande wa kike. Wengi walikuwa mchanganyiko. Tofauti ninazozizungumzia ni za njia ya ujenzi na za udhaifu dhidi ya magonjwa, na hazimpi mvulana wala msichana kiti cha mbele darasani.

Kwetu Kilimanjaro hili lina maana ya kila siku. Akina mama wa Kahe na Mabogini, ukanda wa chini, wanaijua malaria kuliko wale wa Marangu juu, na malaria ya ujauzito ina tabia ya kujificha kwenye kondo la nyuma. Vimelea hunata pale na kuwasha inflamesheni hapohapo mlangoni kwa mtoto, hata mama akiwa hana homa kali. Vidonge vya SP vya kukinga malaria, vinavyotolewa kliniki kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kwa dozi tatu au zaidi, mwezi mmoja au zaidi kati ya dozi na dozi, akina mama wengi huvimeza kwa shingo upande kwa sababu hawajisikii wagonjwa. Tungewaeleza kwamba vinalinda pia utulivu wa mahali ambapo ubongo wa mtoto unajengwa, nadhani wengi wangevipokea kwa moyo mwingine. Vivyo hivyo kwa UTI, ambayo mjamzito huivumilia kwa wiki kadhaa akinywa maji mengi, na kwa homa yoyote ambayo mtu huiita uchovu wa mimba.

Dawa za maumivu zinahitaji neno la pekee. Mjamzito mwenye mgongo unaouma huingia duka la dawa, huomba "diklo", na mara nyingi hupewa bila kuulizwa mimba ina wiki ngapi. Matokeo ya panya hayatoshi kusema kwamba diklofenaki hubadilisha ubongo wa binadamu, na mimi sisemi hivyo. Sababu zilizothibitika zinatosha: mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa za kundi hilo zikitumika kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Mama aliyeandikiwa na daktari aspirini ya kiwango kidogo ili kujikinga na kifafa cha mimba aendelee nayo, hiyo ni habari nyingine. Parasetamoli inabaki kuwa dawa ya kwanza ya homa katika ujauzito, na utafiti mkubwa wa Sweden wa mwaka 2024, uliohusisha watoto wapatao milioni 2.5, haukuona uhusiano wake na usonji pale ndugu wa tumbo moja walipolinganishwa. Homa iliyoachwa bila kutibiwa ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa, dalili za hatari ni zilezile kwa jinsi zote: amekataa kunyonya, amekuwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, amelegea, ana manjano yanayoshuka hadi miguuni. Naomba tu kwamba pale familia inapojadili ivumilie hadi asubuhi au iite bodaboda usiku huohuo, kwamba mtoto ni wa kiume isiwe hoja ya kusubiri. Njiti wa kiume abebwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi kama wa kike, na kwa muda mrefu zaidi ikiwezekana, kwa sababu joto na maziwa ya mama ndiyo kinga ya karibu kabisa aliyo nayo. Na miadi ya kufuatilia maendeleo yake isikatishwe baada ya mwezi wa tatu kwa kuwa ameshanenepa. Kuchelewa kusema, kutomtazama mtu usoni na kutoitika jina lake vinaonekana baadaye.

Kwa wenzangu wa kazini ombi langu ni dogo. Katika rejista za MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za huduma za afya, ipo safu ya jinsi, ME au KE, na tunaijaza kwa kila mtoto. Katika vikao vya kujadili vifo vya wachanga nilivyohudhuria, tulijadili uzito, umri wa mimba, saa aliyofikishwa na dawa aliyopewa, na jinsi ilitajwa wakati wa kusoma jina la faili tu. Tugawanye hesabu za maambukizi ya damu na za vifo kwa safu hiyo, kituo kwa kituo, kisha tuweke pembeni yake kama mama alitibiwa malaria au UTI katika mimba hiyo, kwa kuwa taarifa hizo zipo kwenye kadi yake ya kliniki aliyokuja nayo. Kazi hiyo inahitaji kalamu, rula na mchana mmoja wa mwisho wa mwezi.